Maji Yana Njia Yake: Kumtafuta Fundi wa Nyumba ya Mawe Lamu

Alama ya kwanza ilionekana mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika, kwenye pembe ya chumba ambacho sisi Waamu hukiita ndani. Lilikuwa doa lenye wekundu wa chai ya rangi, pana kiasi cha sahani, na mama alilitazama asubuhi moja akasema kwamba jana halikuwepo. Baada ya wiki mbili lilikuwa limeteremka hadi kwenye zidaka, na chumba kizima kilinuka uvundo ambao hata udi haukuweza kuuondoa.

Nyumba hii iko mtaa wa Mkomani. Mama aliipata kwa mama yake, naye mama yake aliipata kwa njia hiyohiyo, kwa sababu katika familia nyingi za hapa nyumba ya mawe hupewa binti anapoolewa. Ukuta wa zidaka ndio uso wa nyumba yenyewe: vishubaka vimepangwa safu juu ya safu, na kuvizunguka kuna utepe wa nakshi uliochongwa katika chokaa na mikono ya watu ambao majina yao hatuyajui. Nataja jambo hili mapema kwa sababu bila ya kulijua, msomaji hataelewa kwa nini bado naumia ninapolieleza lililotokea mwezi wa Juni.

Nilimpigia simu fundi niliyepewa namba yake na mtu wa kazini. Alikuja siku ileile, na wepesi wake ulinifurahisha, kwa sababu mtu mwenye maji ukutani hutamani kumwona yeyote anayebeba mwiko. Alisimama chini ya doa kwa muda wa dakika tano hivi, hakuuliza juu yake kuna nini, hakupanda ngazi, wala hakugusa boriti hata moja. Alitaja shilingi 38,000 na akaomba 30,000 kwanza. Nililipa. Kwa siku nne alibomoa plasta ya zamani, na pamoja nayo akaangusha kiasi cha mita moja ya ule utepe wa nakshi upande wa kushoto, kisha akapaka simiti na mchanga, na juu yake rangi nyeupe ya mafuta. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi jioni ya siku ya pili, vipande vya nakshi vilikuwa ndani ya gunia la kifusi mlangoni, na mama ameketi kitandani hasemi.

Ukuta ulimeremeta hadi mwezi wa Novemba. Mvua za vuli zilipoanza, rangi ilifanya malengelenge, na nilipolibonyeza moja kwa kidole likapasuka na kutoa maji. Nyuma ya simiti palikuwa na unga mweupe mfano wa unga wa ngano, na boriti mbili zilizo juu ya pembe ile zilianza kudondosha vumbi la rangi ya kahawia juu ya shuka. Yule fundi aliacha kupokea simu.

Tangu hapo nimejifunza mengi kuhusu kuta hizi kuliko nilivyojifunza katika miaka yote niliyolala kati yake, na ninaamini kwamba mwenye nyumba akiyajua haya kabla ya kumwita mtu, nusu ya hasara huepukika.

Ukuta wa nyumba ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika karibu nusu mita. Jiwe la tumbawe limejaa matundu, kwa hiyo hunywa maji kama sifongo. Chokaa nayo hutokana na tumbawe hilohilo: mawe hupangwa juu ya kuni na kuchomwa kwa moto unaokaribia nyuzi 900 hadi yaachie hewa ya kaboni, kisha hutiwa maji yakasambaratika, na yanapopakwa ukutani huivuta tena ile hewa ya kaboni taratibu na kurudi kuwa mawe. Plasta ya namna hii ina vinyweleo. Unyevu ukiingia ukutani hutoka tena kupitia kwayo, na ndiyo maana nyumba hizi zimeweza kukaa kando ya bahari kwa karne kadhaa. Anayetaka ushahidi avuke aende Takwa, kisiwani Manda, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, akatazame msikiti wake ulivyosimama bila ya kuwa na paa la kuukinga.

Simiti haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe linaloishikilia na hairuhusu maji kupita kwa urahisi, na rangi ya mafuta juu yake huziba hata ule upenyo mdogo uliobaki. Maji yaliyo ndani ya ukuta hukosa pa kutokea, yakapanda, yakaenda pembeni, yakatafuta kitu laini. Katika nyumba yetu kitu hicho kilikuwa ni vichwa vya boriti. Boriti za mkoko huingizwa ukutani kwa ncha zake mbili, na ncha hizo hazioni upepo wala jua, kwa hiyo ndizo za mwanzo kuoza na ndizo mchwa huzianzia. Mtu anaweza kuitazama boriti kutoka chini akaiona nzima, nyeusi na imara, kumbe ncha yake iliyo ndani ya ukuta imekuwa unga.

Katika kuhangaika kwangu nilisoma sana mtandaoni. Maelezo mengi yanatoka Marekani, ambako kazi ya kukausha nyumba zilizoingia maji ni taaluma kamili, yenye taasisi inayoitwa IICRC inayotoa viwango na vyeti. Wataalamu wao huyagawa maji katika aina tatu: maji safi ya bomba, maji yaliyotumika kama ya kuogea na kufulia, na maji machafu ya chooni au ya mafuriko, na kila aina ina namna yake ya kushughulikiwa. Ugawaji huo ulinifaa, kwa kuwa ulinifanya nijiulize kwa mara ya kwanza maji yetu ni ya aina gani. Nilifaidika pia na onyo lao kwamba kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali pakibaki na maji. Lakini mashine zao kubwa za upepo na za kunyonya unyevu, ambazo hukausha nyumba ya mbao kwa siku chache, hazikutengenezwa kwa ajili ya nusu mita ya tumbawe. Kwa ukuta wa mawe wapo wanaokadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Piga hesabu, utaona kwamba mtu anayekuahidi ukuta mkavu kwa siku nne hajui alisemalo, au anajua na anakuficha.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuuliza. Sikuuliza nani ni hodari, kwa sababu swali hilo kila mtu hulijibu kwa jina la binamu yake. Niliuliza ni nyumba gani hapa mtaani iliwahi kuvuja na sasa haivuji, nikaenda kuzitazama mbili, nikapanda hadi juu, nikaweka kiganja ukutani na kuwauliza wenyewe ilichukua muda gani na kama fundi alirudi baada ya mvua. Nyumba zote mbili zilitaja mtu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye nitamwita Ami kama nilivyomwita siku zote.

Ami alikuja na mfuko wa ukindu wenye nyundo ndogo, bisibisi, timazi na tochi. Alimsalimia mama kwa kirefu, akaomba swichi kuu ya umeme izimwe kwa sababu nyaya zetu zilipita katika ukuta uleule, kisha akaanza kugonga. Aligonga kwa mpini wa nyundo, sikio likiwa karibu na ukuta, kutoka chini kwenda juu, na kila pale sauti ilipokuwa tupu kama ya dafu alichora alama kwa mkaa. Alipomaliza, ukuta wote wa kushoto ulikuwa na michoro inayopanda kama ngazi, na ngazi hiyo haikuelekea dirishani ambako sisi tulidhani mvua inaingilia, ila ilipinda kulia na kupanda hadi chini ya choo cha juu. Alichukua ule unga mweupe kwa ncha ya kidole, akauonja, akatema. "Munyu," alisema, yaani chumvi. Kisha akapanda ngazi, akaichoma bisibisi kwenye boriti ya pili mahali inapoingia ukutani, nayo ikazama hadi mpinini bila ya yeye kutumia nguvu.

Nilimuuliza kazi itagharimu kiasi gani. Alinijibu, "Mwanangu, mai yana ndia yake. Tuyayue kwanda yatokapo." Hakutaja bei siku hiyo, na alikataa hata nauli. Alichotaka ni pakiti mbili za buluu ya kufulia.

Jioni ile alikoroga buluu ndani ya ndoo ya maji akaimwaga kwenye tundu la sakafu ya choo cha juu, ambacho tulikijenga miaka kumi iliyopita na kukitandika vigae tukijivunia usasa wake. Tulilala. Alfajiri, nilipokwenda kumwamsha mama kwa sala, niliwasha tochi nikaona kando ya boriti ya pili mstari mwembamba wa buluu unaoteremka hadi kwenye zidaka, wazi kama wino kwenye karatasi. Miezi saba tulikuwa tukiilaumu mvua, na tatizo lilikuwa kiungo cha bomba la plastiki kilichozikwa ndani ya sakafu. Masika yalizidisha tu unyevu uliokuwapo tayari.

Chanzo cha pili alikipata kwa kukaa darini. Tangi letu la lita 1,000 hujazwa usiku, wakati maji ya mfereji yanapokuja, na boya lake lilikuwa limechakaa kiasi kwamba maji yaliendelea kuingia hata likijaa, yakamwagika sakafuni tukiwa tumelala. Aliniuliza kama ninajua uzito wake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa ni tani nzima iliyowekwa mahali pamoja juu ya sakafu ambayo wazee waliipiga kwa ajili ya watu kulala wakati wa joto na kuanika nguo. Ufa uliokuwa chini ya tangi ulikuwa unapitisha kidole. Tangi limehamishiwa kiwandani, yaani uani mwa nyumba, juu ya jukwaa la mawe, na kipampu kidogo hupandisha maji yanapohitajika.

Kuhusu vyeti niseme machache. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili makontrakta na kuwatambua mafundi stadi, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa mtihani wa ufundi kwa madaraja. Kwa umeme sikubali kubahatisha: ukuta ulioloa wenye nyaya ndani yake ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na huyo tulimwita kabla ya kubomoa chochote. Kwa mawe na chokaa, cheti kinaonyesha kwamba mtu amesoma, lakini hakikuambii kama amesoma simiti au chokaa. Swali lililonisaidia zaidi ni dogo: utapaka nini, na kwa nini? Anayejibu simiti kwa ukuta wa tumbawe, hata awe na vyeti vitatu, mimi namshukuru na kumsindikiza mlangoni. Ni vyema pia kukumbuka kwamba Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kazi inayogusa umbo la nyumba haifai kuanza kabla ya kuuliza katika ofisi ya Makumbusho. Fundi anayekuhimiza usiulize anakuachia wewe mzigo.

Mapatano yetu tuliyaandika. Ami hakupenda karatasi mwanzoni, aliona ni kutoaminiana, na ilinibidi nimweleze kwamba ninaandika kwa ajili ya kumbukumbu zangu mimi ambaye nilikosa mara ya kwanza. Yalijaa kurasa mbili za daftari la shule. Kazi iligawanywa: kuziba vyanzo, kubomoa plasta mbovu, kusubiri, kubadilisha boriti, kupaka chokaa, na kila sehemu ilikuwa na bei yake na malipo yake inapokamilika. Tuliandika nani ananunua chokaa, nani analipa mashua na punda, kwa sababu hapa hakuna lori la kufika mlangoni na kila gunia la mchanga huja mgongoni mwa punda. Gharama hiyo isipoandikwa huzua ugomvi kila wiki. Tuliandika kwamba mchanga usiwe wa ufuoni, kwa kuwa munyu ulioko ndani yake hunyonya unyevu wa hewa na kuurudisha ukutani hata pasipovuja kitu. Tuliandika kwamba jirani wa kushoto, ambaye ukuta wake umeungana na wetu, aarifiwe kabla ya nyundo ya kwanza. Na tuliandika kwamba sehemu moja katika kumi ya malipo yote ibaki mkononi mwangu hadi masika yafuatayo yaishe. Jumla ilikuwa shilingi 164,000. Ni pesa nyingi kwetu, tulizitoa kwa kuuza vitu na kwa mchango wa ndugu, na sehemu isiyo ndogo ilikwenda katika kuondoa kile nilichokwisha kukilipia kwa yule wa kwanza.

Mama alihamia mtaa wa Langoni kwa dada yangu wakati wa kubomoa, kwa sababu ya kifua chake na vumbi la kuvu. Plasta yote iliyokuwa na munyu ilitolewa na kutupwa, haikuchanganywa tena. Kisha kwa miezi miwili, Januari na Februari, hakuna kilichofanyika, na ilikuwa miezi migumu kuliko yote. Mawe yalikaa uchi, madirisha wazi, upepo wa kaskazi ukipita. Majirani waliniuliza kama pesa zimeisha. Ami alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala, anabandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pembe zote nne, anarudi kesho yake kutazama kama kimefanya umande upande wa ndani, na anaondoka. Nilipomshikilia aanze, aliniambia kwamba ukuta bado unasema. Niliacha kumshikilia.

Boriti zilizooza zilikuwa tatu. Zilitolewa moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo za muda, na vichwa vya boriti mpya viliachiwa nafasi ndogo ya hewa pande zote ndani ya ukuta badala ya kukandikwa. Chokaa ilipakwa kwa tabaka tatu nyembamba, kila moja ikiachwa siku kadhaa, na kwa kuwa joto la mwezi wa Machi lingeikausha kabla haijashika, magunia yaliyoloweshwa yalitundikwa mbele ya ukuta na mimi nilikuwa nikiyamwagia maji asubuhi na jioni. Nilishangaa kujikuta ninamwagia maji ukuta uleule ambao nilitumia mwaka mzima kuulilia ukauke.

Na nakshi. Ami aliniomba lile gunia la kifusi, ambalo kwa bahati mama alikuwa amelificha chini ya ngazi na kukataa lisitupwe. Alivitandika vipande juu ya mkeka kiwandani, akavipanga kwa saa nyingi, akapata vinavyofaa kiasi cha nusu mita, akavirudisha kwa chokaa laini. Nusu nyingine hakuichonga upya. Nilimwomba, akasema mkono wake si wa kazi ile na hataki kuweka uongo kando ya kweli. Aliipaka plasta tupu na kuacha mstari unaoonyesha mahali ya kale yanapoishia. Mama anapendelea hivyo. Mimi bado sijaamua.

Masika yalipita, na mwezi wa Julai nilimpelekea Ami ile sehemu ya kumi iliyobaki. Alikuja kwanza nyumbani, akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo kutoka chini kwenda juu, akaichoma bisibisi kwenye boriti mpya na kwenye za zamani zilizo jirani. Karibu na mlango wa ndani, kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni, sauti ilikuwa si sawa. Alichora alama kwa mkaa, akaniambia kwamba hayo yanatoka chini wala si juu, na kwamba hawezi kuyasemea hadi vuli ipite. Pesa hakuzichukua. Alama ya mkaa ipo, na kila Ijumaa mama huiwekea kiganja.